Bei ya Kimea na Hopsi: Historia ya Upikaji wa Bia Majumbani Uingereza na Marekani

Historia ya upikaji wa bia majumbani katika Uingereza na Marekani haiwezi kuelezwa bila kuzungumzia bei ya vitu vitatu, yaani kimea, hopsi na sukari, kwa sababu tangu mwisho wa karne ya 17 bei hizo ndizo zilizoamua nani apike, nani aache, na nani arudie kazi hiyo akiwa si mhitaji tena bali mpenzi wa ufundi. Wapikaji wa ridhaa wa leo, wanaopika kwa kujifurahisha na wala hawauzi, hulalamika kila msimu kwamba viungo vimepanda bei, na malalamiko hayo huchukuliwa kuwa mapya. Ukweli ni kwamba yana umri wa zaidi ya miaka mia tatu, na chanzo chake hakijabadilika sana: anayepika sufuria moja jikoni kwake hununua bidhaa ambayo bei yake imepangwa na watu wasiomfikiria kabisa, wakiwamo watoza ushuru, viwanda vikubwa vya bia na wakulima wanaotazama soko la dunia.

Kimea ni nafaka iliyolowekwa hadi ikachipua, kisha ikakaushwa ili chipukizi lisiendelee kukua na wanga uliomo uwe tayari kugeuka sukari. Wapika pombe wa Tanzania na Kenya hukitengeneza kwa ulezi au mtama, lakini Ulaya na Marekani kimea cha bia ni hasa cha shayiri. Hopsi ni maua ya mmea utambaao unaopandishwa kwenye kamba na nguzo ndefu, nayo huipa bia uchungu na harufu na kuizuia isichachuke upesi, kazi ambayo katika mbege ya Uchagga, kwa upande wa uchungu, hufanywa na magome ya msesewe. Ili kupata lita 20 za bia ya kawaida, mpikaji huhitaji kilo 4 au 5 za kimea kilichoparazwa, anachokiloweka kwa muda wa saa moja katika maji ya nyuzi joto 66 hivi. Kisha huchuja machicha, na yale maji matamu yanayobaki, ambayo hayako mbali na togwa, huyachemsha kwa saa nyingine moja pamoja na gramu 30 hadi 60 za hopsi kabla ya kuyapoza na kuyatia hamira. Anayesoma vipimo hivi ataona mara moja kwamba kimea ndicho chenye uzito mkubwa, na ndiyo maana serikali ya Uingereza ilipotafuta fedha za vita ilikigeukia kimea.

Kodi ya kimea iliwekwa Uingereza mwaka 1697, wakati wa vita na Ufaransa, kwa kiwango cha zaidi kidogo ya peni 6 kwa busheli, kipimo cha ujazo wa lita 36 hivi ambacho kikijazwa kimea huwa na uzito wa karibu kilo 19. Ilipopelekwa Uskoti mwaka 1725, watu wa Glasgow walifanya ghasia na kuivunja nyumba ya mbunge wao, Daniel Campbell wa Shawfield, wakiamini kwamba alikuwa ameiunga mkono. Hopsi nazo zilitozwa ushuru kuanzia mwaka 1711, peni 1 kwa ratili, na sheria hiyohiyo ikawakataza wapikaji wa bia ya kuuza kutumia mimea mingine michungu, kama vile pakanga, ambayo ingewawezesha kuukwepa ushuru huo. Mavuno ya hopsi yalikuwa hayatabiriki kiasi kwamba jumla ya ushuru uliokusanywa kila mwaka iligeuka kuwa jambo la watu kuwekeana dau, na hilo pekee linatosha kuonyesha jinsi bei ya zao hilo ilivyokuwa ikipanda na kushuka tangu zamani.

Ili kufahamu uzito wa kodi hizo kwa kaya maskini, ni lazima kutofautisha ushuru wa bia na ushuru wa kimea. Ushuru wa bia ulitozwa bia iliyopikwa kwa ajili ya kuuzwa, kwa hiyo aliyepika nyumbani kwake hakuulipa. Kodi ya kimea, kwa upande mwingine, ilikusanywa kwenye nyumba ya kutengenezea kimea, chini ya macho ya maofisa waliopima mabirika ya kuloweka nafaka, na mnunuzi aliilipa ndani ya bei bila kujali alikusudia kupika pipa moja la familia au mapipa elfu ya soko. Tajiri mwenye jumba la mashambani, chumba cha kupikia bia na mtumishi wa kazi hiyo alinufaika kwa kuepuka ushuru wa bia, na kodi ya kimea aliimudu. Kibarua wa shamba hakuwa na chumba hicho, wala hakuwa na fedha za kununua kimea kwa wingi wakati kilipokuwa rahisi. Vita dhidi ya Napoleon vilipopamba moto, kodi ya kimea ilipandishwa mwaka 1804 hadi zaidi ya shilingi 4 kwa busheli, katika nchi ambayo vibarua wengi wa kusini walilipwa kati ya shilingi 10 na 12 kwa wiki. Kodi ya busheli moja tu, mbali na bei ya shayiri yenyewe na ujira wa aliyeikausha, ilikula zaidi ya theluthi ya mshahara wa wiki.

Mwandishi aliyelishika jambo hili kwa uchungu kuliko wote ni William Cobbett, mzaliwa wa Farnham, mji uliosifika kwa hopsi zake, ambaye mwaka 1821 alianza kuchapisha kwa sehemu kitabu chake Cottage Economy, mwongozo wa maisha ya kaya ndogo ulioanza na upikaji wa bia hata kabla ya kuoka mkate. Cobbett alidai kwamba miaka arobaini nyuma karibu kila kibarua alipika bia yake mwenyewe, na kwamba sasa ni nadra kumpata hata mmoja. Lawama alizielekeza kwa kodi ya kimea na ya hopsi, akaichukia chai iliyochukua nafasi ya bia mezani. Chuki yake kwa chai ilivuka mipaka, na kumbukumbu za ujana wake huenda zilipambwa na mapenzi. Hata hivyo, hesabu alizowapangia wasomaji wake, za kimea, hopsi, kuni na vyombo, zinabaki kuwa miongoni mwa maelezo bora tuliyo nayo juu ya uchumi wa jiko la maskini, na hoja yake kuu ni sahihi: bia ya nyumbani haikufa kwa sababu watu walisahau kuipika, ilikufa kwa sababu viungo vyake vilitiwa bei ambayo mwenye kipato kidogo hakuifikia. Walioupoteza ufundi huo zaidi ni wanawake, kwa kuwa katika nyumba za wakulima na vibarua kupika bia kulikuwa sehemu ya kazi za jikoni kama kulivyokuwa kuoka mkate, na mama ambaye hakuwa na kimea cha kupikia hakuwa na namna ya kumrithisha bintiye.

Msaada ulikuja, lakini ulichelewa na haukuzilenga kaya hizo maskini. Sheria ya mwaka 1830 iliondoa ushuru wa bia ikaiacha kodi ya kimea, na kwa njia hiyo ikaifanya bia ya kununua iwe nafuu zaidi kuliko awali huku gharama ya kupika nyumbani ikibaki palepale. Hata majumba ya matajiri yakaanza kuviacha vyumba vyao vya kupikia, kwa sababu ile faida ya kukwepa ushuru haikuwapo tena. Ushuru wa hopsi ulifutwa mwaka 1862. Kodi ya kimea yenyewe iliondolewa na William Gladstone mwaka 1880 na kurudishwa kwa sura ya ushuru wa bia, safari hii pamoja na sharti kwamba anayepika nyumbani awe na leseni. Kufikia hapo vizazi viwili au vitatu vilikuwa vimekwisha kupita bila kupika, na viwanda vilivyokua kwa mvuke na reli vilikuwa vimelishika soko lote.

Marekani ilipita njia nyingine. Marufuku ya vileo iliyoanza kutekelezwa Januari 1920 ilifunga viwanda, na viwanda hivyo, vikitafuta namna ya kuishi, vikaanza kuuza sharubati nzito ya kimea ndani ya makopo, nyingine ikiwa imetiwa hopsi tayari. Anheuser-Busch, Pabst na wengineo waliinadi kuwa ni ya kuokea mikate na keki, ingawa kila mnunuzi alijua kwamba keki haihitaji uchungu wa hopsi. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kupika bia bila kuparaza nafaka wala kuchuja machicha, kwa kufungua kopo, kuongeza maji, sukari na hamira, na kusubiri. Matokeo mara nyingi yalikuwa mabaya, chupa zikipasuka na bia ikinuka hamira, na sifa hiyo mbaya iliuandama upikaji wa nyumbani kwa nusu karne. Marufuku ilipofutwa Desemba 1933, utengenezaji wa mvinyo nyumbani ulihalalishwa, lakini bia ya nyumbani haikuingizwa kwenye ruhusa hiyo.

Huko Uingereza mlango ulifunguliwa mwaka 1963, pale Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoifuta leseni ya mwaka 1880, na katika miaka iliyofuata maduka ya dawa ya Boots yakawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa makopo ya kimea, hamira na ndoo za kuchachulia. Sababu iliyowavuta wengi ilikuwa bei, kwa maana painti 40 za bia zilipatikana kwa sehemu ndogo ya gharama yake kwenye baa. Unafuu huo ulitegemea sukari, kwani kopo la kawaida lilimtaka mpikaji aongeze karibu kilo moja ya sukari nyeupe, ambayo ilikuwa rahisi kuliko kimea ingawa iliiacha bia nyepesi na kavu. Mwaka 1974 sukari iliadimika Uingereza, watu wakapanga foleni madukani, na mwezi Novemba mwaka huohuo bei ya sukari ghafi katika soko la dunia ikapita senti 60 za Marekani kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana. Ni mwaka huohuo Dave Line alipochapisha The Big Book of Brewing, kitabu kilichowafundisha Waingereza kupika kwa kimea kitupu, na ingawa haitakuwa haki kusema kwamba uhaba wa sukari ndio uliokizaa, kiliwafikia wasomaji katika wakati uliofaa.

Tarehe 14 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa ushuru wa serikali kuu kwa bia inayopikwa nyumbani kwa matumizi ya nyumbani, hadi galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, au 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili na zaidi. Mwaka huohuo Charlie Papazian na wenzake walianzisha American Homebrewers Association mjini Boulder, Colorado. Kuanzia hapo hoja ya unafuu ilianza kurudi nyuma ikaipisha hoja ya ladha, kwa sababu bia ya viwanda vya Marekani ilikuwa imekuwa nyepesi na ya namna moja, na aliyetaka bia nyeusi, nzito au chungu alilazimika kuipika mwenyewe. Aina ya hopsi iitwayo Cascade, iliyotolewa mwaka 1972 baada ya kukuzwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo huko Oregon, yenye harufu ya maganda ya balungi, ikawa alama ya bia hiyo mpya. Mabadiliko hayo yalikuwa mazuri kwa ufundi, lakini yalimfunga mpikaji kwenye kiungo chenye soko gumu kuliko yote.

Ugumu wa soko la hopsi unatokana na mmea wenyewe. Hopsi huishi miaka mingi, hugharimu fedha nyingi kusimikiwa nguzo na nyaya, na huchukua hadi miaka mitatu kufikia mavuno kamili, hivyo mkulima hawezi kujibu upungufu wa mwaka huu kabla ya miaka miwili au mitatu kupita. Viwanda vikubwa hujilinda kwa mikataba inayosainiwa miaka kadhaa kabla ya mavuno, na kinachobaki nje ya mikataba ndicho kinachoingia soko la papo kwa papo, ambako viwanda vidogo hununua, na baada yao maduka ya wapikaji wa ridhaa. Katika miaka ya 1990 wakulima walivuna kupita kiasi, na wakati huohuo aina mpya zenye asidi nyingi za alfa, yaani kemikali zinazotoa uchungu zinapochemshwa, ziliviwezesha viwanda kupata uchungu uleule kwa maua machache zaidi. Bei zikaporomoka, mashamba yakang'olewa, na eneo la hopsi duniani likashuka kutoka zaidi ya hekta 90,000 mwanzoni mwa muongo huo hadi kama hekta 50,000 mwaka 2006.

Akiba ya zamani ilificha upungufu huo hadi ilipokwisha. Oktoba 2006 ghala la hopsi liliteketea Yakima, katika jimbo la Washington linalozalisha sehemu kubwa ya hopsi za Marekani, na takribani asilimia 4 ya mavuno ya nchi ikapotea. Mavuno ya Ulaya ya mwaka huo yalikuwa yamedhoofishwa na joto, na ya mwaka 2007 hayakutosha kuziba pengo. Shayiri nayo ilikuwa ikipanda, kwa kuwa ukame ulikuwa umeipiga Australia na wakulima wengi wa Marekani walikuwa wakihamia kwenye mahindi ya kutengenezea mafuta ya ethanoli. Kufikia majira ya baridi ya 2007 na 2008, hopsi zilizokuwa zikiuzwa kwa dola chache kwa ratili zilipita dola 20 katika soko la papo kwa papo, na hata kwa bei hiyo aina nyingine hazikupatikana. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kampuni ya Boston Beer ilijitolea kuwauzia wenye viwanda vidogo ratili 20,000 kutoka akiba yake kwa bei iliyozinunulia, tendo la uungwana ambalo halikuwa la kawaida kati ya washindani.

Kwa mpikaji wa ridhaa, pigo hilo lilikuwa na sura yake ya pekee. Pakiti anayoinunua ina aunsi moja, yaani gramu 28, za hopsi zilizosagwa na kushindiliwa kuwa punje, zikafungwa katika mfuko usiopitisha hewa. Ratili ikiuzwa dola 2, hopsi zilizomo ndani ya pakiti hiyo zina thamani ya senti 12 na nusu, na kinachobaki katika bei ni mfuko, kazi, usafiri na faida ya duka. Ratili ikipanda hadi dola 20, hopsi hizo hufikia dola 1 na senti 25. Kwa fedha taslimu ongezeko hilo halimfilisi mtu. Kilichoumiza zaidi ni uhaba, kwani maduka yaliweka kikomo cha pakiti ambazo mteja mmoja angeweza kununua, na mapishi yaliyozoeleka kwa miaka hayakuwezekana tena. Wapikaji walijibu kwa kurudi kwenye hesabu: gramu 10 za aina yenye asilimia 15 za asidi za alfa hutoa uchungu unaokaribia ule wa gramu 30 za aina yenye asilimia 5, kwa hiyo uchungu ulitafutwa katika hopsi kali za bei nafuu, na zile chache zenye harufu nzuri zikahifadhiwa kwa dakika za mwisho za kuchemsha. Wengine walipika bia za ngano na bia nyeusi zisizohitaji hopsi nyingi, na wengine wakapanda mizizi ya hopsi pembeni mwa uzio wa nyumba zao.

Bei zilishuka kama zilivyopanda. Wakulima walipanda kwa pupa, mahitaji yakapungua wakati wa mdororo wa uchumi, na kufikia 2009 na 2010 hopsi zilijaa maghala. Jambo lililodumu ni umiliki. Cascade ilikuwa mali ya umma ambayo mkulima yeyote aliruhusiwa kuipanda, ilhali aina zilizotawala miaka iliyofuata, kama Simcoe, Citra na Mosaic, ni za kampuni binafsi zinazoamua nani azilime na kwa kiasi gani. Mwaka 2017 wapikaji wa Marekani walijifunza somo kama hilo kwa hopsi za Afrika Kusini, zinazolimwa karibu na mji wa George: baada ya Anheuser-Busch InBev kuinunua SABMiller mwaka 2016, ilitangazwa kwamba mavuno hayo yangetumika ndani ya kampuni hiyo, na wanunuzi wadogo waliokuwa wakiyategemea wakabaki mikono mitupu.

Kupanda kwa bei kwa miaka ya karibuni kulirudi kwenye kiungo cha kwanza, yaani kimea. Ukame wa mwaka 2021 uliifanya shayiri ya Marekani kuwa na mavuno madogo kuliko yote tangu 1934, Kanada nayo ikaathirika vibaya, na Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, mojawapo ya nchi zinazouza shayiri nyingi nje, bei za nafaka zikaruka tena. Kukausha kimea kunahitaji joto, na viwanda vya kimea vya Ulaya vilikuta gesi imepanda mara kadhaa, gharama ambayo viliihamishia kwenye kila gunia. Hopsi za Marekani, kinyume chake, zilikuwa zimezidi hadi wakulima wakaanza kung'oa, na eneo lililolimwa mwaka 2024 lilipungua kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na mwaka uliotangulia, ingawa nafuu hiyo ilimfikia mwenye pakiti ya gramu 28 kwa uchache sana, kwa sababu ileile kwamba sehemu kubwa ya bei yake ni mfuko na usafiri. Vyama vya wapikaji, kwa hiyo, vimekuwa vikiagiza kimea kwa pamoja moja kwa moja kutoka kwa wafanyabiashara wa jumla: gunia la kilo 25 wakigawana watu watano hutosha kila mmoja kupika lita zake 20, na nauli ya gunia hilo hulipwa na watano badala ya mmoja.